Siku Kawangware Iliponyamaza kwa Ajili ya Punda

Wahenga walisema, shukrani ya punda ni mateke. Wakasema tena, punda afe mzigo ufike. Ndugu msomaji, ukiziweka methali hizi mbili pamoja utaona kwamba ya kwanza inamlaumu punda kwa kukosa adabu, na ya pili inaeleza ni kwa nini aikose. Nimezisikia zote mbili tangu utotoni, lakini sikuzielewa mpaka nilipofika Kawangware, mtaa ulioko magharibi mwa Nairobi, nikapiga magoti matopeni mbele ya mnyama mwenyewe.

Kiswahili kimempa punda hata ugonjwa. Ule ugonjwa wa kukakamaa mwili na kufunga taya, ambao mama zetu waliuogopa kila mtoto alipokanyaga msumari, tunauita pepopunda. Sayansi haiko mbali na neno hilo. Vijidudu vinavyouleta hukaa udongoni na katika samadi, na wanyama wa jamii ya farasi na punda huvibeba matumboni mwao bila ya kudhurika. Lakini vijidudu hivyo hivyo vikiingia katika kidonda kirefu kisichopata hewa, wanyama hao huwa miongoni mwa viumbe wanaoangamizwa upesi zaidi.

Makala haya ni habari ya punda mmoja wa Kawangware aliyeshikwa na pepopunda mwaka wa 2018, ya mzee aliyemtegemea kwa chakula na kodi ya nyumba, na ya mimi, ambaye wakati huo nilikuwa bado mwanafunzi na sijawahi kumponya mnyama yeyote peke yangu.

KUTOKA LAMU HADI KABETE

Mimi ni mzaliwa wa Lamu, mji wa vichochoro ambamo gari haliwezi kupita. Huko punda ndiye lori na ndiye teksi. Mchanga, mawe, saruji, boriti, hata mgonjwa asiyeweza kutembea, wote hupita mgongoni mwake. Babu yangu alikuwa na punda wanne waliobeba mchanga kwa shogi, zile pakacha pana mbili zinazoning'inia huku na huku ubavuni. Mwaka wa 1987 shirika moja la hisani kutoka Uingereza lilifungua zahanati ya punda mjini kwetu, na nilipokuwa mdogo nilimfuata babu huko. Hapo ndipo nilipomwona kwa mara ya kwanza mtu mzima, msomi, mwenye miwani yake, ameinama na kwato ya punda mapajani mwake akiichonga kama seremala. Nikajua kazi nitakayoifanya.

Nilipopata nafasi ya kusomea udaktari wa mifugo katika Chuo Kikuu cha Nairobi, babu alicheka mpaka akakohoa. "Watu huenda Nairobi kusomea benki," alisema, "wewe mjukuu wangu waenda kusomea punda tuliokuwa nao hapa nyumbani?"

Kitivo chetu kiko Kabete ya Juu, mahali penye historia yake. Kabla Uganda na Tanzania hazijapata vitivo vyao wenyewe, madaktari wa mifugo wa nchi zote tatu walisomea hapo. Kwangu mimi niliyetoka pwani ilikuwa ni ugenini hasa. Baridi ya Julai iliniingia mifupani, na Kiswahili changu kilikuwa kichekesho kila siku.

Vitabu vilizungumza zaidi juu ya farasi, na ilinibidi nijifunze upya kwamba punda si farasi mdogo. Joto la mwili wa punda mwenye afya ni karibu nyuzi 37, chini kidogo ya lile la farasi. Dawa fulani za kutuliza maumivu huisha mwilini mwake upesi zaidi, hivyo anayemtibu kwa kipimo cha farasi humwacha akiumwa nusu ya siku. Punda jike hubeba mimba kwa karibu miezi 12. Punda akikataa chakula kwa siku mbili tatu, mafuta yaliyohifadhiwa mwilini huanza kumwagika katika damu na kumharibu ini, na anaweza kufa kwa hilo hata kama ugonjwa wa kwanza ulikuwa mdogo. Kuhusu nyumbu, yaani mtoto wa punda dume na farasi jike, sikumkuta Nairobi ila vitabuni. Farasi ana kromosomu 64, punda 62, naye nyumbu hupata 63, ndiyo sababu karibu kila mara huwa tasa. Nikimtaja nyumbu kwa watu wa Nairobi wote hufikiri nasema juu ya wale wanaovuka mto kule Maasai Mara.

Lakini somo kubwa kuliko yote ni hili: farasi akiumwa tumbo hujigaragaza na kila mtu akamwona. Punda husimama kimya, kichwa chini, masikio yamelegea kidogo. Mwenyewe hudhani amechoka tu. Anapoanguka, mara nyingi daktari amekwisha chelewa.

SHIKAMOO ISIYOITIKIWA

Kutoka Kabete hadi Kawangware si mbali. Unateremka hadi Kangemi, unavuka barabara kuu, unashuka bondeni na kupanda tena, na umefika. Siku ya kwanza tulikwenda na mwalimu wetu ndani ya gari la kliniki, sanduku la dawa na ndoo mbili, tukaegesha kwenye uwanja mdogo ambapo wachuuzi wa maji huwapumzisha punda wao.

Niliposhuka nikamwona mzee amekaa juu ya mtungi uliopinduliwa. Nikafanya kama nilivyolelewa.

"Shikamoo, mzee."

Vijana waliokuwa karibu wakaangua kicheko. Mzee alinitazama kwa mshangao, kisha akasema, "Mzuri sana. Wewe ni wa wapi?"

"Mimi ni wa Lamu."

"Lamu! Na umekuja mpaka hapa kutibu punda? Huko kwenu wameisha?"

"Huko wako wengi kuliko watu, mzee. Nimekuja kuona kama wa huku wanajua Kiswahili."

Vijana wakacheka tena, lakini safari hii mzee alicheka pamoja nao. Akanionyesha punda wake, dume wa rangi ya majivu mwenye msalaba mweusi mgongoni, ambaye alimwita Karani.

"Kwa nini Karani?"

"Kwa sababu anajua wateja wote. Mimi naweza kusinzia juu ya mkokoteni. Yeye anasimama kwenye kila mlango unaonunua maji, na mlango wenye deni anaupita."

Nilidhani ni mzaha wa mzee. Wiki chache baadaye niliwafuata asubuhi moja na kuona kwa macho yangu. Punda alisimama mlango kwa mlango bila ya kuambiwa neno. Deni lenyewe sikulithibitisha.

HESABU YA MITUNGI ISHIRINI

Katika nyumba nyingi za Kawangware hakuna mfereji, au upo na maji hayatoki. Maji huchotwa kwenye visima vya bomba na matangi, yakatiwa katika mitungi ya plastiki ya lita 20, yakapelekwa majumbani kwa mkokoteni. Mkokoteni wenyewe hutengenezwa na mafundi wa papo hapo kwa ekseli na magurudumu ya gari kuukuu.

Hebu tufanye hesabu. Mitungi 20 ya lita 20 ni lita 400, nazo ni kilo 400. Ongeza mbao, chuma na magurudumu, kisha ongeza mtu aliyekaa juu. Punda wetu wengi wa Afrika Mashariki hawazidi kilo 150 au hivi. Mahali pa tambarare magurudumu hubeba mzigo na punda huusukuma tu uende. Taabu ni mteremko. Mkokoteni hauna breki, na mahali ambapo mnyama hakufungwa mshipi wa nyuma wa kuuzuia, uzito wote humsukuma kwa kishindo, naye huuzuia kwa miguu na viungo vyake.

Hapo nikaona tofauti ya Lamu na Nairobi. Punda wa kwetu hubeba, kwa hiyo vidonda vyake huwa mgongoni. Punda wa Nairobi huvuta, na vidonda vyake huwa kifuani, kwapani, chini ya mkia, na miguuni alipogongwa na gari. Ng'ombe huvuta kwa nira kwa sababu ana nundu na mabega ya kuishika. Punda hana nundu. Nguvu yake hutoka kifuani, na yampasa apewe mshipi mpana wa kifuani uliotandikwa kitu laini. Wengi niliowakuta walikuwa wamefungwa kamba za nailoni au vipande vya mpira wa gurudumu, vinavyokata ngozi kama msumeno usiosikika.

Karani alikuwa na kidonda cha ukubwa wa kiganja kifuani, nacho kilipakwa oili chafu ya gari.

"Inafukuza nzi," mzee alieleza.

Ni kweli, oili hufukuza nzi. Lakini pia huchoma nyama changa na kuziba uchafu ndani. Nilikiosha kidonda kwa maji yaliyochemshwa na kutiwa chumvi, nikakipaka dawa, kisha nikasema neno nililofundishwa: "Mzee, punda huyu apumzike siku kumi na nne."

Mzee hakukasirika. Aliniuliza tu kwa upole, "Mwanangu, na mwenye nyumba, yeye utampumzisha siku ngapi?"

Sikuwa na jibu, wala kitabuni halikuwamo. Mwalimu wangu ndiye aliyeniokoa. Alichukua gunia la katani na kipande cha blanketi kuukuu, akashona mshipi mpana, akaonyesha jinsi ya kuufunga juu kidogo ili usiguse kidonda, akamwomba mzee apunguze mitungi iwe 12 kwa muda. Mzee alikubali mshipi. Kuhusu mitungi alitikisa kichwa kwa namna ambayo si ndiyo wala siyo.

KIBERA, AMBAKO MTU HUVUTA MWENYEWE

Mara moja kwa mwezi tulikwenda Kibera. Mtaa huu ulianza mwanzoni mwa karne iliyopita kwa askari Wanubi wa jeshi la King's African Rifles, na jina lake ni neno la Kinubi lenye maana ya msitu. Leo msitu ni wa mabati. Punda hufika Makina na kwenye barabara za pembeni, lakini vichochoro vingi vya ndani ni vyembamba, vina mitaro katikati, na hapo mkokoteni huvutwa na mwanadamu. Nilimwona kijana mmoja karibu na reli, kamba imempita kifuani, mishipa ya shingo imemsimama. Alipotuona na sanduku letu akapaza sauti, "Daktari, sisi pia mtatutibu lini?" Watu wakacheka. Mimi nilikwenda kumtazama kifua, na kweli kamba ilikuwa imemchubua pale pale inapomchubua punda.

Kando ya Ngong Road, si mbali na hapo, uko uwanja wa mbio za farasi, wenye mazizi safi na wanyama wenye madaktari wao. Sisemi hivyo kwa husuda, kwani farasi naye ni kiumbe wa Mungu. Nasema tu kwamba umbali kati ya mnyama anayekimbia kwa saa na mnyama anayechota maji ni wa kutembea kwa miguu.

Huko Kibera ndiko nilikompoteza mgonjwa wangu wa kwanza. Alikuwa punda jike aliyekuwa akila jaani, maana majani ni ghali na jaa ni bure. Alisimama kimya siku tatu, na siku ya nne akaanguka. Tulipompasua tulikuta utumbo umezibwa na bonge la mifuko ya plastiki lililosokotana kama ususi. Serikali ya Kenya ilikuwa imekwisha piga marufuku mifuko hiyo tangu tarehe 28 Agosti 1967 na miaka hamsini juu yake, yaani 2017, lakini jaa lina kumbukumbu ndefu kuliko sheria. Mwenye punda alisimama kando akitazama lile bonge. Kisha akauliza, kwa sauti ndogo, kama ngozi yake ilikuwa na bei.

KARANI ASHIKWA

Ilikuwa Agosti 2018. Kijana mmoja wa Kawangware alinipigia simu jioni. "Daktari wa Lamu, njoo. Karani amekuwa kama meza."

Nilipofika nilielewa alichosema. Karani alisimama nyuma ya nyumba ya mzee, miguu yote minne imetanuka na kukakamaa, shingo imenyooka, masikio yamesimama wima, mkia umeinuka kidogo na kutulia hapo kama mpini. Nilipopiga makofi mara moja, ngozi nyeupe ya pembe ya jicho ilichomoka na kufunika nusu ya jicho, kisha ikarudi. Kila mwanafunzi wa Kabete huisoma dalili hiyo. Taya zilifunguka kwa upana wa kidole kimoja tu. Katika kwato ya nyuma nikakuta tundu, na ndani ya tundu kutu ya msumari.

"Ni nini?" mzee aliuliza.

"Ni pepopunda, mzee."

Akanyamaza. Kisha akasema, "Basi jina limerudi kwa mwenyewe."

Mwalimu wangu alifika na dawa usiku ule. Tulichimba kwato mpaka tukalifungua tundu, tukaliosha kwa dawa yenye povu, kwa kuwa vijidudu hivyo havipendi hewa. Tukampa penisilini, tukampa dawa ya kuizuia sumu iliyokuwa bado damuni, na dawa ya kulegeza misuli. Sumu iliyokwisha shika mishipa ya fahamu haiondoki kwa sindano. Mwili wenyewe hujitengeneza polepole, kwa wiki na wiki, iwapo mnyama atapewa mambo matatu: chakula laini, giza, na kimya. Kila kelele humtia mkakamao mpya, na mkakamao mkubwa ukishika misuli ya kupumulia, kazi imekwisha.

"Chakula nitampa," mzee alisema. "Giza tutafunika kwa turubai. Lakini kimya, daktari? Hapa ni Kawangware."

MTAA WANYAMAZA

Msomaji aliyewahi kufika huko ataelewa swali hilo. Upande wa kushoto wa nyumba ya mzee palikuwa na fundi wa kuchomelea milango ya chuma. Upande wa kulia, kanisa dogo la mabati lenye ngoma mbili na kipaza sauti. Mbele, matatu za namba 46 hazikosi kupiga honi. Nyuma, kilabu, na kila chumba kina redio yake.

Mwalimu wangu alinivuta kando akaniambia nijiandae, kwa kuwa wanyama wengi wenye ugonjwa huo hawaponi hata hospitalini penye kimya. Tulijadiliana kama ni huruma zaidi kummaliza. Mzee alisikia. Hakuzungumza nasi. Alivaa koti lake akatoka.

Kwanza alikwenda kwa fundi. Sikuyasikia maneno yao, ila nilimwona fundi akikuna kichwa, kisha akianza kubeba vyuma vyake kimoja kimoja kuvipeleka kwa mwenzake mtaa wa pili. Baadaye aliniambia, "Mke wangu alipojifungua usiku, mzee alimpeleka zahanati kwa mkokoteni wa huyu punda. Nitampigiaje nyundo masikioni?"

Kisha mzee akaenda kwa mchungaji. Hapo palikuwa na mvutano, maana baadhi ya waumini waliona ni kioja kumnyamazishia Mungu ngoma kwa ajili ya mnyama. Mama mmoja mwenye umri akainuka akawauliza ni mnyama gani aliyempeleka Bwana Yesu Yerusalemu. Jumapili mbili zilizofuata kanisa lile liliimba bila ya ngoma wala kipaza sauti, na nasikia watu wengine walisema hawajawahi kuomba vizuri namna ile.

Wenye redio walizipunguza. Watoto waliambiwa kwamba Karani amelala, na ukali wao katika kulinda usingizi wake uliwashinda wakubwa. Mtu akipiga mluzi tu, wanamzomea kwa minong'ono. Kilabu peke yake haikunyamaza, lakini hata walevi walipita pale wakinyata, kila mmoja akimkanya mwenzake kwa sauti kubwa kuliko iliyohitajika.

Nilikuwa nikifika kila asubuhi kabla ya masomo na kila jioni. Tulimziba masikio kwa pamba. Tulimnywesha uji wa pumba, ndoo imeinuliwa juu ya mitungi kwa kuwa hakuweza kuinama. Siku ya tano alikuwa vile vile. Siku ya nane nilidhani anakufa. Siku ya kumi na moja aligeuza sikio moja, polepole, kunifuata nilipopita. Nilikaa chini nikalia.

Wakati wote huo wateja walitaka maji. Mzee alikuwa na mwanawe wa kiume wa miaka 20 hivi. Wakaingia wawili mahali pa Karani, kati ya miti miwili ya mkokoteni, mshipi ule wa gunia na blanketi ukawa kifuani mwa mzee. Siku ya kwanza walipakia mitungi 20. Waliufikia mteremko wa kwanza, mkokoteni ukawasukuma, mzee akaanguka na kuchunika magoti. Nilimkuta jioni amekaa kwenye mtungi wake, ananiangalia ninavyochanganya dawa.

"Daktari," akasema. "Ile 12 uliyosema. Ni mingi. Tumeweka 8."

Wiki sita zilipita kabla ya Karani kurudi kazini. Tulimchanja, maana kuugua pepopunda na kupona hakumkingi mnyama asiugue tena. Mzee aliweka mitungi 12, akatengeneza mshipi wa nyuma wa kuuzuia mkokoteni kwenye mteremko, na kijana yeyote aliyemcheka kwa kubeba maji machache alijibiwa, "Ingia wewe uvute, mimi nitakaa juu."

WEZI WA NGOZI

Ningependa kumalizia hapo, lakini isingekuwa haki kwa msomaji. Miaka ile ilikuwa miaka mibaya kwa punda wa Kenya. Kuanzia 2016 machinjio ya punda yalifunguliwa nchini, Mogotio na Naivasha kwanza, kisha Machakos na Turkana, mpaka yakawa manne. Kilichotafutwa hasa ni ngozi, ambayo huchemshwa huko China kutengenezea dawa ya kienyeji iitwayo ejiao. Bei ya punda ilipanda, na wizi ukafuata. Watu walilala na punda, wakaamka na kamba iliyokatwa. Mahali pengine waliokota nyama iliyotupwa porini, ngozi imekwenda.

Hesabu zinajieleza. Sensa ya 2009 ilikuta punda wapatao milioni 1.8 nchini Kenya. Ile ya 2019 ilikuta kama milioni 1.2. Na mnyama huyu hazaliani kama kuku: mimba ya mwaka mzima, mtoto mmoja, na miaka kadhaa kabla ya mtoto huyo kufaa kazi. Mapema mwaka wa 2020 serikali iliyafunga machinjio hayo baada ya malalamiko ya wenye punda. Mei 2021 Mahakama Kuu ilibatilisha amri hiyo. Februari 2024 viongozi wa Umoja wa Afrika waliokutana Addis Ababa walikubaliana kupiga marufuku uchinjaji wa punda kwa ajili ya ngozi katika bara zima.

Kuna jambo linalouma zaidi ukilifikiri. Wachunguzi wa chembe za urithi walitangaza mwaka wa 2022 kwamba punda wote wa dunia, wa China nao wakiwamo, wana asili moja: walifugwa mara ya kwanza pande hizi zetu za Afrika Mashariki na Pembe ya Afrika, kiasi cha miaka 7,000 iliyopita. Ni mtoto wetu huyu. Tulimtoa duniani akajenga miji ya watu, na sasa anarudishiwa hisani yake kwa kisu.

Mwanzoni mwa 2019 punda wawili wa jirani ya mzee walitoweka usiku mmoja. Tangu siku hiyo mzee alihamishia kitanda chake nyuma ya nyumba, chini ya lile turubai tulilomfunika mgonjwa. Nilipomaliza masomo nilikwenda kumuaga, nikamkuta hapo, mguu wake mmoja umefungwa kamba, na ncha ya pili ya kamba iko shingoni mwa Karani.

"Akienda, ataniamsha," alisema. "Au twende wote."

Nilimwamkia shikamoo kama kawaida yangu. Safari hii aliitikia vizuri, marahaba, na vijana hawakucheka.

Basi, ndugu msomaji, iko Sheria ya Kuzuia Ukatili kwa Wanyama, Sura ya 360 ya sheria za Kenya, nayo inakataza kumtumikisha mnyama mgonjwa au kumpakia mzigo uliozidi kimo chake. Ni sheria nzuri. Lakini katika miaka yangu ya Kawangware na Kibera sikumwona punda hata mmoja aliyeokolewa na kifungu cha sheria. Niliona mshipi wa blanketi, chanjo, maji ya chumvi, na mzee aliyeingia mwenyewe kati ya miti ya mkokoteni. Ukinunua mtungi wa maji kesho, mtazame kifua yule aliyekuletea, awe wa miguu minne au miwili. Na ukimwona amesimama kimya, kichwa chini, usidhani amechoka tu. Ita mtu.